Vipuri vya Land Rover kuukuu

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu, aliyekuwa msimamizi wa gari la shule kwa miaka mingi, mbele ya wakuu wa shule, wahasibu na maofisa usafirishaji.



Nilipoombwa nizungumze nanyi juu ya matunzo ya mali ya umma, nilidhani ningezungumza habari za majengo na madawati, maana hayo ndiyo yanayosemwa kila mwaka. Lakini asubuhi ya leo, nikiingia katika uwanja huu, nimepita nyuma ya ghala nikayaona magari manne yamesimama juu ya mawe. Mawili kati yake ni Land Rover. Majani yamepanda hadi usawa wa milango, na kuku wamelifanya mojawapo kuwa banda lao. Nikamwuliza mlinzi gari lile la kijivu lilikufa kwa ugonjwa gani. Akanijibu kwa upole: "Halikufa, Mzee. Lilikosa spea." Nikamwuliza tangu lini. Akasema yeye ameajiriwa amelikuta hivyo hivyo.

Basi nimeyaweka kando niliyokuwa nimeyaandika. Nitazungumza juu ya spea, au kwa lugha tuliyofundishia darasani, vipuri; na hasa vipuri vya gari la zamani lililotoka ng'ambo, ambalo kiwanda chake kimekwisha kuacha kulitengeneza. Nitatumia mfano wa Land Rover kwa kuwa ndilo gari nililoishi nalo, na kwa kuwa hapana shaka wengi wenu hapa mlifikishwa kituo chenu cha kwanza cha kazi mkiwa mmekaa nyuma ya gari hilo, magoti yakigusana na ya watu msiowajua.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba gari hili lenyewe lilizaliwa na shida ya vipuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Maurice Wilks, aliyeongoza uhandisi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani humo akitumia Jeep ya Kimarekani iliyosalia vitani. Husimuliwa kwamba Jeep ile ilipoanza kuchakaa, na vipuri vyake kuwa adimu, yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa kiongozi wa kampuni, wakaona hapana gari jingine la kushika nafasi yake. Ndipo wakaamua kutengeneza la kwao. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948. Na kwa kuwa chuma cha pua wakati huo kiligawiwa kwa mgao nchini Uingereza, bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Hiyo ndiyo sababu Land Rover iliyotelekezwa miaka thelathini huonekana bado nzima machoni: bodi haipati kutu. Lakini chini ya bodi mna chesisi ya chuma, nayo huliwa na kutu kama chuma chochote. Bodi hudanganya. Nimewaona watu wazima wakinunua Land Rover mnadani kwa kuitazama mlango, wakaenda nayo nyumbani chesisi ikakatika barabarani.

Gari la milioni moja lilitoka kiwandani Solihull mwaka 1976. La mwisho la ukoo ule wa zamani, lililokuwa limekwisha kuitwa Defender, lilitoka tarehe 29 Januari, 2016. Kwa hiyo tunazungumza juu ya gari lililotengenezwa kwa muda wa karibu miaka sabini, nalo likabadilishwa kidogo kidogo kila mara bila ya kubadilika sura. Hapo ndipo penye mtego. Mtu asiyejua huona Land Rover mbili zimefanana kama kulwa na doto, akadhani kipuri cha hii kitaingia katika ile. Aina ya pili ya mwanzo wa miaka ya 1960, ile iliyoitwa IIA, ina gia zenye sinkro kwa namba tatu na namba nne tu. Aina ya tatu, iliyotengenezwa toka 1971 hadi 1985, ina sinkro kwa gia zote za mbele. Ile ya kwanza ina dinamo, hii ya pili ina alteneta. Ile fupi ya inchi 88 na hii ndefu ya inchi 109 hazina breki za namna moja. Hata springi za kushoto na kulia katika gari lile lile moja hazilingani, kwa sababu upande wa dereva hubeba uzito zaidi. Kadhalika nati zake nyingi ni za vipimo vya inchi. Fundi kijana mwenye spana za milimita huichukua ya 13 akaitia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Spana huingia, naam, lakini huzila kona za nati, na baada ya mara tatu nati ile haifunguki ila kwa patasi. Nusu ya yale yanayoitwa ubovu wa gari kuukuu ni jeraha za spana.

Sasa niwasimulie yaliyotupata sisi.

Shule niliyofundisha iko mlimani, kilometa 41 kutoka hospitali ya wilaya, na barabara yake wakati wa masika mnaweza kuikisia. Tulikuwa na Land Rover ndefu ya mwaka 1977, iliyopatikana kwa michango ya wazazi na msaada kidogo wa marafiki. Ilibeba mahindi, chokaa, karatasi za mitihani, maiti, maarusi, na kila mgonjwa wa vijiji vitatu. Ilikuja wakati mgumu. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Sasa kumbukeni kwamba Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa miaka hiyo ya 1970. Yaani duka la karibu kabisa la vipuri vyetu lilikuwa mwendo wa siku moja, nasi hatukuweza kulifikia. Vikafuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na magari mengi yalikwenda huko. Ikafuata bei ya mafuta. Fedha za kigeni zikawa haba kuliko mvua ya Dodoma. Mtu aliyekuwa na seti ya plagi mpya aliificha chini ya kitanda. Haikuwa ajabu kumwona mkuu wa idara akisafiri na rota ya distribyuta mfukoni, si kwa kuogopa wezi wa gari, bali wezi wa rota. Nafuu ilianza kuonekana baada ya bajeti ya Juni 1984, waliporuhusiwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila ya kuulizwa walikozipata.

Katika miaka ile tulijifunza kunyofoa. Gari moja lilifanywa chakula cha jingine. Silaumu, kwa sababu pasipokuwa na kunyofoa hata magari machache yaliyotembea yasingalitembea. Mwaka 1986 bloku ya injini yetu ilipasuka, tukabahatika kupata injini nzima kutoka gari la mradi mmoja lililokuwa limepinduka. Fundi wetu, mzee mmoja hodari aliyejifunza kazi karakana ya reli, akaiingiza kwa siku mbili. Tukashangilia, tukachinja mbuzi. Lakini hakuna aliyeandika hata mstari mmoja katika daftari la gari kwamba injini imebadilishwa. Mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari hilo.

Mwaka 1991 injini ikaanza kugonga. Fundi wetu wa zamani alikuwa amekwisha kufariki. Fundi mpya akasikiliza, akasema ni beringi kuu za kren'ki, zile zinazoshika shafti kubwa ndani ya bloku. Nikapewa masurufu, nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikalala siku mbili nikizunguka Gerezani na Kariakoo. Dukani nikaulizwa gari la mwaka gani. Nikatoa kadi: 1977. Muuzaji, mtu mwaminifu kabisa, akanipa seti ya beringi za Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ya mwaka 1977. Nikapewa risiti, nikafurahi, nikarudi. Fundi akateremsha sampu, akatazama, akahesabu, akaniita. Injini ya lita 2.25 iliyotengenezwa kabla ya 1980 shafti yake hushikwa mahali patatu. Kuanzia 1980 wakaiimarisha, ikawa inashikwa mahali patano. Ile iliyokuwa ndani ya gari letu ilikuwa na mahali patano. Tulikuwa na chesisi ya 1977 na injini ya miaka ya themanini, na kadi iliyosema habari za chesisi tu.

Fedha ya masurufu ilikuwa imekwisha. Duka halikurudisha fedha kwa bidhaa iliyotoka kwenye karatasi yake, na mhasibu wa wilaya hakukubali kuandika masurufu mengine kwa kipuri kile kile kabla ya maelezo ya maandishi. Maelezo yalikwenda, yakarudi, yakaenda tena. Gari likasimama miezi mitano. Katika mwezi wa tatu mwanafunzi wetu wa kidato cha pili aliumwa na nyoka akikata nyasi nyuma ya bweni. Tulimbeba kwa baiskeli hadi barabara kuu, tukangoja, akapakiwa juu ya lori la mbao. Alifika hospitali usiku. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Sitasema kwamba beringi ndizo zilizomkata mguu. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Nasema tu kwamba kwa Land Rover kilometa 41 zile tulizoea kuzikata kwa saa moja na nusu, na kwamba mstari mmoja wa wino katika daftari langu mwaka 1986 ungalitosha.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kazi ya kutafuta kipuri adimu huanzia wapi, sisemi dukani, wala sisemi katika simu. Huanzia chini ya gari, ukiwa na kitambaa, brashi ya waya na daftari. Namba ya chesisi ya Land Rover hizi iko kwenye kibati mbele ya dereva, nayo imegongwa pia kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na springi. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Giaboksi ina namba yake, na ekseli zina namba zake. Katika gari lililofikisha umri wa mjukuu kuitwa babu, namba hizo nne aghalabu hutaja magari manne mbalimbali. Ziandikeni zote. Kisha kipuri chenyewe nacho kina namba, ambayo kiwanda kiliiweka katika vitabu vya orodha ya vipuri. Namba za zamani ni tarakimu tupu, za baadaye zina herufi mwanzoni, kama RTC au STC. Namba ikibadilishwa na kiwanda, ya kale huelekezwa kwenye mpya. Muuzaji wa Gerezani, wa Kirinyaga Road mjini Nairobi, wa Sharjah au wa Birmingham hawaelewani kwa lugha wala kwa majina ya vitu. Sisi tunasema sili, wengine wanasema raba ya mafuta. Lakini namba wote huisoma sawa. Mwenye namba huuliza swali moja. Asiye na namba husimulia hadithi, na hadithi hugharimu nauli.

Nitaongeza jambo ambalo walimu wa fizikia watalifurahia. Vipuri vingi vya gari si vya gari hilo peke yake. Beringi za magurudumu zilitengenezwa na viwanda vya beringi, navyo viligonga namba zao pembeni ya chuma. Ukiisafisha beringi ukaisoma namba, huna haja ya duka la Land Rover tena. Nenda duka la beringi, ambako yule yule huuzwa kwa wenye mashine za kusaga na matrekta, mara nyingi kwa bei ndogo zaidi. Sili za mafuta hupimwa kwa vipimo vitatu: upana wa tundu la ndani, upana wa nje na unene. Kalipa ya venia iliyolala kabatini katika maabara ya shule yako ikingoja mtihani wa taifa ndicho chombo hasa. Mimi nilipata sili ya haba ya mbele kwa fundi wa pampu za maji, baada ya kuikosa katika miji mitatu.

Nakuja kwenye jambo linaloniudhi, nanyi mniwie radhi nikipandisha sauti. Ni breki.

Katika miaka ya shida mafundi wetu walifanya maajabu, na sifa hiyo wanaistahili. Walikata gasketi kwa karatasi ngumu na mafuta, walichonga bushi kwa mti mgumu na kwa mpira wa tairi kuukuu, walifua springi upya kwa makaa, walijaza shafti kwa kulehemu kisha wakaichonga katika mashine ya kereza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa 1973, limewakuza wengi wa aina hiyo, na pale Kibaha kituo cha Nyumbu kilithubutu hata kuunda lori zima. Hayo ni ya kujivunia na yafaa yaendelee. Bushi ya springi ikitengenezwa vibaya, gari litalia tu. Lakini ustadi huo huo ulipelekwa mahali usipostahili. Nimeona kwa macho yangu raba ya silinda ya breki iliyokatwa kwa kisu kutoka mpira wa ndani wa tairi. Nimeona dereva akiongeza mafuta ya injini katika kikombe cha breki kwa kuwa mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani. Sasa raba za breki hazikuumbwa kwa mafuta ya madini. Zikiyanywa huvimba, na zikivimba silinda hukwama. Gurudumu moja hushika na lingine haliachii, mpaka gari linavutwa upande mmoja kama punda aliyeona fisi. Mlimani kwetu hiyo ni hukumu ya kifo. Raba za breki, vipande vya usukani, bolti za magurudumu: hivyo havichongwi uani. Kama havipo, gari lisimame juu ya mawe, na kuku watage humo.

Na siku hizi shida imegeuka sura. Zamani kipuri hakikuwapo. Leo kipo, kimefungwa katika boksi zuri lenye nembo, kumbe ni bandia. Kiwanda cha asili kilipoacha, wengine wakachukua nafasi yake, na si wote wabaya. Wako watengenezaji wanaoheshimika ambao vipuri vyao ni sawa na vya kiwandani, na mwaka 2015 wenye Land Rover wenyewe walianzisha idara ya kuuza vipuri vya magari yao ya zamani. Hata chesisi mpya zilizochovywa katika zinki bado zinatengenezwa Uingereza kwa ajili ya magari haya. Lakini kati yao wamejipenyeza wachapishaji wa maboksi. Namna ya kuwatambua si kutazama nembo, maana nembo ndiyo wanayoiweza zaidi. Pima uzito mkononi ukilinganisha na kile kilichochakaa. Tazama ndani ya silinda ya breki: njia ya pistoni iwe laini kama kioo, ukiona mistari ya patasi, mrudishie mwenyewe. Tazama kama nyuzi za bolti ni za inchi au za milimita. Na kile cha zamani usikiache kwa fundi wala usikitupe mpaka kipya kimefungwa na gari limetembea juma zima. Kipuri kibovu ni barua ya utambulisho.

Ndugu wahasibu, sasa ni zamu yenu, na mimi najua mnachongoja kusema. Mtasema taratibu za ununuzi zinataka ushindani wa bei na risiti halali. Ni kweli, na ni haki. Fedha ni za wananchi, nami sikuja hapa kuwafundisha watu kukwepa taratibu. Lakini je, mtu aliyepata kitovu cha sinkro kimoja tu katika kanda nzima, kwa mzee mwenye gari bovu uani kwake huko Usa River, atapata wapi wazabuni watatu? Mzee yule hana mashine ya risiti, ana mbuzi na kumbukumbu. Kinachotokea kila mtu hapa anakijua. Ofisa mwaminifu huogopa hoja ya mkaguzi, akaliacha gari. Ofisa asiye mwaminifu hupata karatasi tatu kutoka duka moja. Kwa maoni yangu dawa haiko katika kulegeza kanuni bali katika kuzitumia mapema. Kanuni zinakubali kununua kwa muuzaji mmoja pale ambapo bidhaa haipatikani penginepo, ilimradi sababu zimeandikwa na kuidhinishwa kabla. Neno zito hapo ni kabla. Mkuu wa shule anayeandika maelezo ya kitaalamu yenye namba nne za gari, namba ya kipuri na majina ya maduka matano aliyokosa, hukubaliwa. Yule anayeandika "spea ya gari la shule" haulizwi tena, anakataliwa.

Mtaniuliza kama hayo yote yana thamani, au yafaa tuyapeleke magari haya mnadani tukanunue ya Kijapani. Sina mapenzi ya upofu. Gari ambalo chesisi imeoza na namba zake hazisomeki, liuzwe, tena upesi. Na mtu mmoja mmoja, mwalimu mwenye mshahara wake, asijitwike Land Rover kwa sababu ya sifa. Inakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda. Lakini gari la shule mlimani, lenye chesisi nzima, lisilo na kompyuta ndani yake hata moja, ambalo kijana wa chuo cha ufundi anaweza kulifungua lote kwa spana na kulirudisha, hilo lisiuzwe kwa ajili ya kipuri kinachoingia katika mfuko wa koti. Walioshuhudia Arusha mnamo Oktoba 2024, zilipokusanyika Land Rover kwa mamia katika tamasha lao, wanajua kwamba magari haya hayajaisha. Yako kule kwa sababu biashara ya utalii iliyalisha, na palipo na magari mengi pana mafundi, na palipo na mafundi pana vipuri. Mimi siku hizi sianzii Dar es Salaam tena. Naanzia Arusha, na vijijini kuzunguka Arusha, nyuma ya nyumba za waliokuwa madereva wa watalii.

Linalonisikitisha ni minada yenyewe. Wilaya huuza gari bovu kwa bei ya kutupa, mnunuzi akalikatakata, likaenda kuyeyushwa pamoja na masufuria, na katika wilaya ya jirani gari la aina ile ile limesimama kwa kukosa mlango wa giaboksi uliomo katika lile lililoyeyushwa. Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna aliyejua tu. Nawaomba maofisa usafirishaji mliopo hapa mfanye kazi ya siku moja: kila mmoja aorodheshe magari yaliyosimama katika uwanja wake, aina, namba zote nne, na kitu gani ndani yake bado ni kizima. Orodha hizo zipelekeane kabla ya kupigwa nyundo ya mnada. Tungalikuwa na orodha ya namna hiyo mwaka 1991, ningaliziona beringi zetu wilaya ya pili, umbali wa kilometa 60, ambako injini ya aina ile ilikuwa imefunikwa kwa turubai tangu 1988. Niliigundua baadaye, nikienda msibani.

Na wazee wa karakana nao waandikwe. Yule fundi wa reli alipofariki mwaka 1990 tulimzika na kila alichokijua juu ya gari lile, pamoja na habari ya injini aliyoiingiza kwa mikono yake. Walimu tunaoandika maazimio ya kazi ya kila juma hatukupata nafasi ya kukaa naye na daftari jioni moja.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa imekwisha na chai inapoa. Nina ombi moja dogo la ubinafsi. Gari la shule yetu bado lipo, nami ingawa nimestaafu wananiita linapougua. Injini sasa ni nzima na breki ni mpya, nimezitazama mwenyewe. Tunachokosa ni kitovu cha sinkro cha gia ya kwanza na ya pili, Land Rover aina ya tatu. Dereva anajitahidi kwa kukanyaga klachi mara mbili, na abiria wake wanasali. Namba ya kipuri nimeiandika ubaoni hapo kwa herufi kubwa, na chini yake nimechora umbo lake. Katika ghala za wilaya vitu hivi hukaa rafu ya chini kabisa, nyuma ya mikebe ya rangi, katika karatasi ya kahawia yenye mafuta. Atakayerudi kituoni Jumatatu na ainame atazame.